Waya Unaochomoka: Hotuba kwa Mafundi Seremala

Hotuba hii ilitolewa kwa mafundi seremala na wanagenzi wao. Inawekwa hapa yote kwa ajili ya wale ambao hawakuwahi kufika. Picha zilizooneshwa ukutani zimeachwa.

Ndugu mafundi, dada na kaka zangu, wazee wa kazi mlioketi mbele, na ninyi wanagenzi mliojibana kule nyuma, hamjambo?

Kabla ya mengi, tazameni hiki kilichopo mkononi mwangu. Ni kichwa cha waya wa msumeno wa duara, yaani ule mwisho unaochomekwa kwenye mashine na kuzungushwa mpaka ukaze. Kina matundu mawili. Tundu la kushoto ni safi, ukilimulika kwa tochi unaona chuma kinang'aa ndani. Tundu la kulia limezungukwa na duara la kahawia, na plastiki ya pembeni imevimba ikagandia kama povu gumu. Kinachonuka hapa ni harufu ile ile mnayoijua wote.

Sasa swali. Plagi ya upande wa ukutani ni nzima. Waya wenyewe, mita 4 zote, ni mzima. Msumeno ni mzima. Kilichokufa ni sehemu isiyozidi ukucha wa kidole cha mwisho. Nani kaiua?

Wekeni swali hilo mfukoni, tutalitoa baadaye.

Mashine za ufundi mbao zenye waya unaochomoka zimeenea. Kampuni ya Festool ya Ujerumani inauita mfumo wake Plug-it, na zipo karakana ambako mafundi wamejifungia mifumo yao kwa viunganishi vya kuzungusha. Faida zake zinajulikana. Waya mmoja unalala kwenye benchi, mashine ndizo zinazopokezana. Msumeno ukiukata waya, unachukua mwingine na kazi inaendelea, mashine haipelekwi kwa fundi umeme. Sanduku linafungika bila kukunja waya kwa nguvu. Na unapobadilisha meno ya msumeno au kisu cha raunta, ile mashine ya kuchonga kingo na mifereji ya mbao, unachomoa kichwa pale pale na kukiweka mbele ya macho yako. Hilo la mwisho ndilo lingenitosha hata kama mengine yasingekuwepo, kwa sababu plagi ya ukutani iko mbali, na mwanagenzi mwenye nia njema anaweza kuichomeka tena akidhani ilichomoka yenyewe.

Lakini tuambiane ukweli. Ukifanya waya uchomoke, umeongeza kiungo ambacho hakikuwepo. Na ukifanya waya mmoja utumikie mashine sita, umeufanya ubebe mzigo wa ile mashine yenye kiu kuliko zote. Kiungo na kiu. Nikisema leo mambo mengi, mengi yatarudi kwenye hayo mawili.

Tuanze na kiu.

Fundi mmoja ana mashine mbili: ya msasa ya wati 400 na raunta ya wati 2200. Mashine ya msasa ilikuja na waya mwembamba, laini, mzuri kweli kuufanyia kazi kwa sababu hauivuti mashine pembeni. Kaupenda. Siku moja waya wa raunta umefungwa mahali, akachukua ule mwembamba, ukaingia, raunta ikanguruma. Akasema, kumbe unafaa! Ndugu zangu, kuingia ni kufaa? Kanzu ya mtoto ukiilazimisha kwa mtu mzima, kichwa kitapita. Mabega je?

Hesabu yake ni hii. Gawanya wati kwa volti upate ampea. Wati 400 kwa volti 230 ni ampea 1.7. Wati 2200 kwa volti 230 ni ampea 9.6. Kwa nyaya laini za mashine, waya wa milimita za mraba 0.75 uhesabu kuwa wa ampea 6, wa 1.0 ampea 10, wa 1.5 ampea 16. Kwa hiyo waya wa 0.75 unapitishwa kikomo mara raunta ile inapofanya kazi kwa nguvu zake zote. Wa 1.0 unakaa ukingoni kabisa. Wa 1.5 unapumua.

Wapo watengenezaji walioliona hili, wakaweka kijino ndani ya mdomo wa mashine kubwa ili kichwa cha waya mwembamba kisiingie. Waya mnene unaingia kote, mwembamba unaingia kwenye mashine ndogo tu. Nimesikia kuna watu wanakikwangua kijino hicho kwa kisu. Fundi, kijino kile ndicho fyuzi yako ya kwanza. Ukikikwangua, umeing'oa.

Basi kanuni ya karakana iwe hii: waya wa benchi, unaopokezana mashine zote, uwe wa 1.5. Ukitaka mwembamba kwa ajili ya msasa, uwe nao, lakini uwe wa rangi nyingine na usikae benchi moja na raunta.

Unajuaje unene? Usipime kwa jicho, kwa sababu mpira mnene unaweza kuficha shaba nyembamba. Soma maandishi yaliyochapwa juu ya ganda. Mfano, H05VV-F 3G1.5. Ile 3 ni idadi ya nyaya za ndani, G maana yake mmojawapo ni wa ethi, unaopeleka ardhini umeme uliovuja, wenye rangi ya kijani na njano, na 1.5 ndio unene wa kila mmoja. Ukiona 2X1.0, ni nyaya mbili bila ethi. VV ni plastiki ya kawaida. RN ni mpira, na BQ ni ganda la poliyurethani. Plastiki ya VV inakakamaa kwenye baridi na inakumbuka mikunjo yake kama mtu mwenye kinyongo. H05RN-F inalala chini kwa utulivu. H07RN-F ni ya kazi nzito, inavumilia kukanyagwa na kuburutwa, ila mkononi ni nzito. Kwenye mashine ya msasa utaichukia kabla ya saa sita mchana. Poliyurethani inastahimili sana kukwaruzwa na kingo kali za mbao na mawe.

Na hii ethi tusiipite haraka. Angalia kibandiko cha mashine. Ukiona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, mashine ina kinga maradufu na haihitaji ethi. Usipouona, inahitaji ethi, nukta. Sasa aliyejifungia mfumo wake mwenyewe, akaweka viunganishi vya aina moja kwenye mashine zote, huku nyaya nyingine zina ethi na nyingine hazina, ametega mtego. Siku waya wa laivu, ule unaoleta umeme, utakapolegea ndani ya mashine yenye mwili wa chuma na kugusa mwili huo, na siku hiyo iwe ni zamu ya waya usio na ethi, mwili mzima wa mashine utakuwa na umeme na hakuna fyuzi itakayokatika. Ukijenga mfumo wako, kila waya uwe wa nyaya tatu, hata ule utakaotumikia mashine isiyohitaji. Na saketi ya karakana iwe na kile kikata umeme cha miliampea 30 kinachohisi uvujaji.

Urefu sasa. Kila mtu anataka waya mrefu, sivyo? Mkono juu anayetaka mfupi. Naona mmoja, na huyo huenda amechoka tu kuukanyaga.

Chukua raunta ile ile ya ampea 9.6. Ipe waya na ekstensheni ya mita 25 kwa jumla, unene wa 1.0. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo unapita mita 50 za shaba. Ukinzani wake ni karibu omu 0.875. Zidisha kwa 9.6, unapoteza volti 8.4 njiani. Na joto? Wati 80, zinaungua ndani ya waya bila kukata hata unyoya wa mbao. Badili uwe wa 1.5, upotevu unashuka hadi volti 5.6 na joto wati 54. Wa 2.5, volti 3.4 na wati 32. Wanaofanya kazi penye volti 120 wawe wakali zaidi, kwa sababu mashine ya wati zile zile inavuta karibu ampea maradufu, na kwa asilimia upotevu unakuwa karibu mara nne.

Mashine iliyonyimwa volti haisemi. Inapunguza kasi, fundi anaisukuma zaidi, inavuta ampea zaidi, waya unapoteza zaidi. Zile zenye kifaa cha kushikilia kasi ndizo zinazodanganya vizuri: kasi haishuki, ila ampea zinapanda kimyakimya na mota inachemka.

Hadithi ya rola mnaijua lakini nitaisema. Fundi ana ekstensheni ya mita 25 kwenye rola. Anahitaji mita 5, anavuta mita 5, ishirini zinabaki zimejisokota. Zile wati 80 zingetandazwa sakafuni zingekuwa kama wati 3 kwa kila mita, hata usizihisi mkononi. Sasa nyingi zimebanwa kwenye kitu cha ukubwa wa beseni, hewa haipiti. Tabaka la ndani linalainika, ganda linashikana na ganda, na siku ya kuukunjua waya unakuta umekuwa mkate mmoja. Soma ubavuni mwa rola nzuri: kuna wati mbili zimeandikwa, za waya uliokunjwa na za waya uliokunjuliwa wote. Ya kwanza ni ndogo sana kuliko ya pili. Hawakuiandika kwa mapambo.

Kwa waya unaochomoka, mita 4 zinatosha benchi, na 7 au 8 kwa anayezunguka meza kubwa. Zaidi ya hapo, ongeza ekstensheni nene ya 2.5 kutoka ukutani, waya wa mashine ubaki mfupi.

Haya, toeni lile swali mfukoni. Nani aliua kichwa hiki?

Vumbi, na robo ya mzunguko.

Kichwa cha kuzungusha kina hatua mbili: kusukuma na kuzungusha. Ukisukuma tu, au ukazungusha nusu, umeme unapita. Mashine inawaka. Hapo ndipo tunapodanganyika. Pini imegusa ukingo wa chemchemi ya tundu, yaani springi inayoibana pini, haijakumbatiwa. Ongeza vumbi la msasa katikati. Tuseme kiungo hicho kimepata ukinzani wa omu 0.1, kitu ambacho multimita ya kawaida haitakionesha vizuri. Kwa ampea 9.6 hiyo ni wati 9 za joto. Ndogo, eh? Kifaa kidogo cha kulehemu waya wa redio kina wati 25 tu, na kinayeyusha madini ya kulehemu. Hizi 9 zimekaa kwenye doa dogo kuliko punje ya mchele, ndani ya plastiki, bila upepo. Joto linalegeza chemchemi. Chemchemi iliyolegea inaongeza ukinzani. Ukinzani unaongeza joto. Kuanzia hapo haurudi nyuma.

Ndiyo maana tundu moja limeungua na jingine limepona. Lililopata vumbi ndilo lililokufa.

Na hapa kuna kosa la pili, la gharama zaidi. Fundi akishaona kichwa kimeungua, ananunua waya mpya, anauchomeka kwenye msumeno ule ule, na baada ya wiki chache kichwa kipya nacho kimeungua. Anailaumu bidhaa. Hakuiangalia pini ya mashine. Pini iliyokuwa ndani ya moto imepata utando mweusi na vidonda, na kila kichwa kizima utakachoiletea, itakichoma. Ugonjwa unahama kutoka pini kwenda kichwa, na kutoka kichwa kwenda pini ya mashine nyingine. Waya mmoja mgonjwa unaopokezana mashine sita unaweza kuambukiza zote. Kwa hiyo ukitupa kichwa, kagua pini za kila mashine kilikopita, na zilizoungua zibadilishwe.

Tafadhali msizikwangue kwa msasa. Najua msasa uko karibu, sisi ni maseremala. Pini nyingi zimepakwa utando mwembamba wa madini mengine. Ukiuondoa, shaba inabaki uchi na kutu inaanza. Brashi kavu ya nyuzi laini, kisha kitambaa kikavu, basi. Vumbi la ndani ya mdomo livute kwa vakyumu. Ukilipuliza kwa kompresa ukiwa umebana karibu, unalisukuma ndani ya mashine.

Namna ya kuunganisha, polepole, wanagenzi mnitazame mikono. Swichi ya mashine imezimwa, na kile kitufe cha kushikilia swichi kimefunguka. Bonyeza swichi na kuiachia uhakikishe. Tazama mdomo, tazama kichwa. Linganisha alama. Sukuma mpaka mwisho. Zungusha mpaka usikie au uhisi kimekaa. Kisha vuta kidogo. Kisipocheza, tayari. Wakati wa kutoa, zima, subiri meno yasimame, ndipo uzungushe. Ukichomoa mashine ikiwa inazunguka, cheche inaruka kati ya pini na tundu, na kila cheche inaacha kidonda.

Kwa nini nimesisitiza kitufe cha kushikilia? Randa ya umeme imeachwa mezani, kitufe kimeshikilia, kwa sababu aliyekuwa anaitumia alinyang'anywa waya katikati ya kazi. Mwingine anakuja, anachomeka kichwa. Randa inaamka pale pale, visu vimegusa meza, inakimbia kama mbuzi aliyekata kamba na kumwangukia mtu miguuni. Mashine nyingine zina kinga ya kutowaka zenyewe umeme unaporudi. Nyingine hazina. Wewe fanya kana kwamba yako haina.

Vakyumu nayo. Wengi mnaunganisha mashine kwenye soketi iliyo juu ya vakyumu, ili ukiwasha msumeno, vakyumu iwake. Nani amewahi kujumlisha? Vakyumu wati 1200, msumeno wati 1600, jumla 2800. Kwa volti 230 hiyo ni ampea 12.2, na zote zinapita kwenye waya mmoja, ule wa vakyumu kwenda ukutani. Ukiweka pale ekstensheni ya 1.0, tayari umekosea. Na vakyumu ina wati zake za juu zilizoandikwa pembeni ya soketi, usizipite.

Waya unaokwenda pamoja na bomba la vakyumu ufungwe kwa kamba za kunata kila baada ya sentimita 40 au 50, na karibu na mashine uache mkunjo uliolegea wa kama sentimita 30. Waya ukiwa mfupi kuliko bomba, kila ukivuta, unakivuta kichwa, si bomba.

Kuhusu idadi sitachelewa: mashine sita, nyaya tatu. Mmoja bombani, mmoja benchini, mmoja wa akiba ambao hauguswi. Asiye na akiba, waya ukifa mashine sita zimekufa. Kila waya uwe na kibandiko cha urefu, unene na tarehe ya ukaguzi.

Sasa wale mafundi wa kujitengenezea. Waya wa kompyuta umekuwa kishawishi, kwa sababu uko kila mahali. Kiunganishi kile, C13, ni cha ampea 10, lakini nyaya zake nyingi ni za 0.75, na hakina kifungo. Mtetemo wa mashine ya msasa unakichomoa kidogo kidogo, na mmeshajua kinachotokea pini inapogusa ukingo tu. Kiunganishi cha kuzungusha ni bora, ila soma maelezo yake, kwa sababu vipo vilivyokatazwa kuunganishwa au kutenganishwa umeme ukiwa unapita. Alama ya IP44 isiwalaze: inazuia kitu cha milimita 1 au zaidi na maji yanayorukia, vumbi la msasa linapita. Na msitoboe mwili wa mashine yenye kinga maradufu kuweka mdomo. Acheni kipande cha waya wake wa asili, kama sentimita 30, na kiunganishi kikae mwishoni mwake.

Jambo la kutosahau hata ukiwa usingizini: upande unaotoka ukutani uwe na matundu, upande wa mashine uwe na pini. Kamwe usitengeneze waya wenye pini pande zote mbili.

Ukifunga kiunganishi cha skrubu, usizipake nyuzi za shaba madini ya kulehemu. Madini hayo ni laini, yanaendelea kubonyea chini ya skrubu, na baada ya miezi skrubu imelegea. Tumia vikofia vya kubana. Kibano cha waya kishike ganda la nje, si nyaya za ndani.

Mashine ikianza kuwaka ukiuinamisha waya na kuzima ukiunyoosha, waya umekatika ndani, na mara nyingi ni ndani ya sentimita 15 za kwanza kutoka kichwani, pale unapopindika kila siku. Multimita kwenye sauti, mtu mmoja ashike vipimo, mwingine aupinde waya kidogo kidogo. Kichwa cha skrubu kinakatwa na kufungwa upya. Kilichomiminwa na waya kama kipande kimoja hakifunguliwi. Waya wote umekwisha.

Na waya uliokwisha usiutupe mzima kwenye pipa la karakana, kwa sababu kesho asubuhi, kabla hujafika, mtu anayehitaji waya atauona. Chomoa ukutani, kata plagi, kata kichwa, ndipo utupe. Hiki nilichokishika nimekileta kwa ajili ya leo tu. Koleo iko hapo mezani. Mwanagenzi uliye karibu, njoo ukikate.